Mcheza Asiyetunzwa

Iko fikira moja iliyopata makao mema katika maonyesho ya picha, na sasa imeanza kuingia hata katika insha za wanafunzi wa vyuo vikuu. Fikira hiyo hudai kwamba mwili wa binadamu, ukipigwa picha na fundi hodari, huacha kuwa mwili wa fulani ukawa umbo tupu: bega lililolingana na bega, mkono ulioinuka sawa na mwenziwe, nuru iliyokaa upande mmoja na kivuli upande wa pili. Mtazamaji huambiwa asiulize mwili ule ni wa nani, ulikuwa ukifanya nini, wala ulimchezea nani. Akiuliza, huhesabiwa kuwa hajui sanaa. Fikira hiyo ina maneno mazuri na watetezi wenye elimu. Walakini ni potofu, na madhara yake katika nchi za maziwa makuu hayakuishia katika makaratasi.

Kabla ya kupingwa, na ipewe haki yake. Si uongo kwamba mwili una ulinganifu upendezao macho, wala si dhambi kuupiga picha. Mwili unaoruka, unaozunguka, unaoinama na kuinuka ni miongoni mwa mambo mazuri yaliyoumbwa duniani, na chombo cha picha huweza kuonyesha yale ambayo jicho haliyawahi. Ugomvi huu hauhusu haya wala nguo. Wako wanaotaka picha za mwili zikatazwe zote. Hao wana kesi yao, na itasikilizwa siku nyingine. Swali lililoko hapa ni hili: uzuri unaoonekana katika picha ya mwili unaokwenda ni kazi ya nani?

Kiswahili kilikwisha kulijibu swali hili zamani. Neno ngoma lina maana ya chombo kinachopigwa, lina maana ya mchezo unaochezwa, na lina maana ya mkutano mzima wa watu waliokuja kupiga, kucheza na kutazama. Wenye lugha hawakuona sababu ya kumtenga mchezaji na mpigo, wala mpigo na watu. Methali nayo hunena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kutunza huku ni kumpa mchezaji zawadi mbele ya macho ya watu wote, na mwenye kutunza hana budi kumjua anayemtunza, maana tuzo haiwekwi hewani.

Chukua mfano wa arusi katika Mugoma, kata ya wilaya ya Ngara, wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi. Kijana akiingia uwanjani akanyosha mikono, wazee waliokaa hawaoni mistari miwili tu iliyolingana. Wanamwona mtoto wa fulani. Wanajua alijifunza kwa nani. Wanasikia kama mguu wake umeuwahi mpigo au umechelewa. Mmoja ataguna, mwingine atacheka, na mwingine atainuka kwenda kumtunza. Hiyo ni hukumu ya sanaa, na aghalabu ni kali kuliko hukumu ya magazeti. Ulinganifu wazee wale wanauona, lakini wanauona kuwa ni tendo la mtu. Na mara nyingi tendo hilo lina maana yake. Katika ngoma za nchi jirani ya Rwanda, mikono ya wanawake iliyoinuliwa na kupindwa huigiza pembe ndefu za ng'ombe. Mgeni asiyejua ng'ombe wale huona mpindo mzuri akaondoka ameridhika, kama mtu asifiaye mwandiko wa barua asiyoweza kuisoma.

Wala watu wa nchi hizi hawakukosa mapenzi ya umbo tupu. Ng'ambo ya mto Kagera, katika nchi iliyokuwa Gisaka, wanawake wamepamba kuta kwa imigongo, nakshi za pembetatu na misharazi zinazofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na kupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Huko mstari hulingana na mstari kwa ajili ya kulingana tu, na hakuna anayedhulumiwa, kwa sababu ukuta hauna jina wala hauna mama. Mwili una vyote viwili.

Inafaa kutazama fikira hii ilikotoka. Mwaka 1878, katika California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, akaonyesha kwamba farasi anapokimbia iko nukta ambapo miguu yake yote minne imeiacha ardhi. Baadaye aliwageukia binadamu, na mwaka 1887 mkusanyo wake wa kurasa 781 za picha ulitoka, watu na wanyama wakitembea, wakiruka, wakipanda na kushuka. Wengi wao walisimamishwa mbele ya ukuta wenye mistari ya mraba ili kila kiungo kipate kupimwa. Naye Étienne-Jules Marey alitengeneza mwaka 1882 chombo cha picha chenye umbo la bunduki, kilichopiga picha 12 kwa sekunde moja. Mabwana hawa walikuwa wataalamu wa kweli, na elimu ya mwendo ina deni kubwa kwao. Lakini mwaka 1895 Félix-Louis Regnault alitumia njia hiyo kuwapiga picha Waafrika wa Magharibi waliopelekwa Paris kwa maonyesho, na mmoja wao alikuwa mwanamke wa Kiwolof aliyekuwa akifinyanga chungu. Shabaha ya Regnault ilikuwa kulinganisha miendo ya watu wa asili mbalimbali. Mwanamke alikuwa akifanya kazi yenye ustadi. Aliyemtazama alikuwa akitafuta dalili ya damu yake. Hapo ndipo tendo lilipoanza kuvuliwa mwenyewe.

Miaka 12 baadaye mambo hayo yalifika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1907 msafara wa mwanamfalme wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, ulioanzia safari yake ya bara Bukoba, ulifika katika makao ya mwami Yuhi Musinga huko Nyanza, Rwanda. Vijana walionyesha mchezo wa kuruka juu, na katika picha iliyopata sifa kuliko nyingine za msafara ule kijana mmoja yuko hewani, amepita juu ya kamba, hali mwanamfalme na msaidizi wake wamesimama chini yake. Kitabu cha msafara kilitaja kimo cha mita 2.50. Wakati huo rekodi ya ulimwengu ilikuwa chini ya mita 2, na mita 2 hazikurukwa rasmi mpaka mwaka 1912.

Picha ile ina kila kitu ambacho wapenzi wa umbo hukitaka. Mwili umekunjuka juu ya vichwa vya wakubwa wa dola. Mstari wa kamba umekata katikati. Hewa tupu imeuzunguka pande zote. Lakini ina upungufu wa mambo matatu. Kwanza, imesambaa duniani kwa zaidi ya karne nzima bila ya jina la mrukaji. Pili, picha haimwambii mtazamaji kwamba warukaji waliondokea juu ya kichuguu kidogo chenye kimo cha kama futi moja, jambo ambalo mwanamfalme mwenyewe alilitaja katika maandishi yake. Tatu, haisemi lolote juu ya mafunzo. Katika ikulu ya Rwanda vijana walilelewa katika vikosi vya intore, wakafundishwa kucheza, kuruka, kutupa mkuki na kusema kwa ufasaha mbele ya watu. Mruko ule ulikuwa tunda la mazoezi, la mchezo wenye kanuni zake, na la mwalimu aliyesimama kando akitazama.

Kwa kukosekana mambo hayo matatu, mruko ulitafsiriwa upya. Lililokuwa zoezi lilisemwa kuwa damu. Mrukaji alikuwa Mtutsi, basi ikatangazwa kwamba Watutsi kwa asili yao ni warefu, wepesi, wa namna ya pekee, wageni waliokuja kutawala. Na picha ikawa shahidi asiyeweza kuulizwa swali. Msafara ule ule ulikuwa na mpimaji wa miili, Jan Czekanowski, aliyepima watu hai na kukusanya mafuvu ya wafu. Picha ya kijana aliyeruka na mafuvu ya watu waliozikwa ni mavuno ya safari moja.

Katika miaka ya 1930 serikali ya Kibelgiji iliandika kabila la kila mtu katika cheti chake cha utambulisho. Mwaka 1994, katika vizuizi vya barabara za Rwanda, watu waliuawa kwa neno lililoandikwa katika cheti, na asiyekuwa na cheti alihukumiwa kwa kimo chake na kwa pua yake. Hakuna mwenye akili atakayedai kwamba picha moja ilileta msiba huo. Mauaji yale yalipangwa na watu wenye majina, kwa siasa iliyojulikana. Hata hivyo, ili muuaji asimame njiani na kuusoma mwili wa jirani yake kama barua, ilibidi kwanza watu wafundishwe kwamba mwili husomeka hivyo. Mafunzo hayo yalichukua miaka mingi, na picha zilizosifu maumbo bila ya kutaja watu zilikuwa miongoni mwa vitabu vyake.

Mto Kagera ukaleta sehemu ya pili ya msiba mpaka Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 200,000 au zaidi walivuka daraja la Rusumo, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa muda wa siku chache. Miongoni mwa wapiga picha waliofika huko alikuwa Sebastião Salgado wa Brazil, aliyefariki dunia mwaka 2025. Salgado hakuwa mtalii. Aliishi na misiba aliyoipiga picha, na baada ya Rwanda aliugua moyoni hata akaiacha kazi yake kwa muda. Picha zake za Benaco ni nzuri: moshi wa mapishi umetanda chini ya miti, nuru imepenya, miili iliyofunikwa kwa mablanketi imejipanga kana kwamba imechorwa kwa mkono mmoja. Kitabu chake juu ya wahamaji wa ulimwengu kilitoka mwaka 2000. Mwaka 2003 mwandishi wa Marekani, Susan Sontag, alikilaumu kitabu hicho kwa kuwa maelezo ya picha zake hayataji majina ya watu. Akasema kwamba mtu asipotajwa jina hufanywa mfano tu wa kazi yake, wa kabila lake au wa shida yake.

Lawama hiyo ni ya haki, na Ngara ina jambo la kuiongezea. Waliovuka Rusumo hawakuwa watu wa namna moja. Walikuwamo watoto na vikongwe wasiojua lolote, na walikuwamo waliotoka kuua. Kiongozi wa wilaya ya Rusumo, Sylvestre Gacumbitsi, alikuwa miongoni mwa waliokimbilia Tanzania. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2004 kwa mauaji ya kimbari, na mwaka 2006 majaji wa rufani wakampa kifungo cha maisha. Sasa, katika picha inayotazama umbo peke yake, blanketi la mwenye damu mikononi na blanketi la mjane hukunjana kwa mstari ule ule, na nuru ya asubuhi huwaangukia wote wawili sawasawa. Picha kama hiyo yaweza kumfanya mtazamaji wa mbali atoe machozi, lakini haiwezi kumwambia amlilie nani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Watetezi wa umbo hawakosi majibu, na yafaa yasikilizwe moja moja.

Husema kwanza kwamba picha hizi humsifu Mwafrika, na kwamba ni utovu wa shukrani kukataa sifa. Jibu lake liko katika habari za Leni Riefenstahl. Mwanamke huyu alitengeneza filamu ya Michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936 kwa msaada wa utawala wa Hitler, akaitukuza miili ya wanariadha kwa ustadi ambao hata maadui zake waliukiri. Baadaye alikwenda Sudan kuwapiga picha Wanuba, akatoa vitabu mwaka 1973 na 1976. Ulimwengu ulishangilia, ukasema kwamba mtu aliyewatumikia wabaguzi ameonyesha mapenzi yake kwa watu weusi. Mwaka 1975 Sontag, yule yule aliyetajwa, alionyesha kwamba jicho halikubadilika: lilipenda mwili kamili wenye nguvu, likawapita wagonjwa, wazee na vilema. Sifa inayotolewa kwa misuli huondoka misuli inapolegea. Mcheza ngoma wa Mugoma akizeeka bado hutajwa, na vijana hufundishwa naye.

Husema pili kwamba wachoraji na wachongaji wa zamani hawakuandika majina ya waliokaa mbele yao, na kwamba hakuna aliyewalaumu. Walakini mfano haufanani. Mchongaji huutoa mstari katika jiwe kwa mkono wake mwenyewe. Lau yeye hakuchonga, mstari usingalikuwako. Katika picha ya mwili unaokwenda, mstari umechorwa na mwili wenyewe. Mpinde wa mgongo wa mrukaji wa Nyanza ulifanywa na mrukaji. Mpiga picha alichagua nukta, mahali pa kusimama na kipimo cha nuru, na hayo ni ustadi usiodharauliwa. Lakini kazi ni ya watu wawili, na kumwandika mmoja na kumfuta mwingine ni kughushi hati.

Husema tatu kwamba huenda jina likamletea mtu hatari, hasa mkimbizi, au likamvunjia heshima. Hoja hii ina uzito kuliko nyingine, na haifai kupuuzwa. Lakini jina linaloweza kufichwa ni lile lililoulizwa kwanza. Mtu akiulizwa naye akasema jina lake lisiandikwe, kule kutoandikwa ni ulinzi, na kwaweza kuelezwa hivyo chini ya picha. Asipoulizwa kabisa, hakuna ulinzi wowote, pana dharau iliyovaa kanzu ya huruma.

Wala asidhani mtu kwamba hakuna njia nyingine ya kupiga picha. Pwani iliijua mapema. Mjini Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mtu aliyekwenda kupigwa picha studio alikwenda kwa hiari yake, akachagua nguo, akakaa alivyotaka, akalipa, akaondoka na picha yake kwenda kuitundika nyumbani. Aliyepigwa picha ndiye aliyekuwa mwenye picha. Huko Bamako, Seydou Keïta alifanya kazi kwa desturi hiyo hiyo. Lakini mwaka 1991 picha zake zilipoonyeshwa New York, ziliandikwa kuwa ni za mpiga picha asiyejulikana, hali mwenyewe yu hai mjini kwake. Ndiyo desturi ya umbo tupu: ikizoea kumfuta anayepigwa picha, haichelewi kumfuta na mpigaji akiwa Mwafrika.

Husemwa mwishoni kwamba wakati umepita, majina yamepotea, na kazi ya kuyatafuta haina tija. Berlin yenyewe imewakanusha wasemao hivyo. Mwaka 2023 watafiti wa huko walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni, mengi yao kutoka nchi ambayo leo ni Rwanda. Na kwa njia ya uchunguzi wa damu ya ukoo waliwapata nchini Tanzania ndugu walio hai wa watu watatu. Ikiwa mfupa ulioondoka nyumbani zaidi ya karne moja umeweza kuwapata watu wake, seuze picha yenye uso, mahali na mwaka.

Kazi basi inajulikana, na haifai kuachiwa makumbusho ya Ulaya. Vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki vinafundisha sanaa, historia na lugha. Kila kimoja kina picha za zamani za ngoma na michezo katika makabati yake au katika vitabu vyake vya kiada. Mwanafunzi anayeandika juu ya picha ya mwili unaokwenda na atakiwe kujibu maswali manne kabla ya kuruhusiwa kusema neno juu ya mistari na nuru: ni nani huyu, anacheza nini, anamchezea nani, na je, aliulizwa? Asipopata jibu, aandike waziwazi kwamba hakulipata, na kwamba picha ina deni. Mpiga picha anayekwenda Ngara leo na simu yake au kamera yake, akitaka mruko mzuri, na aandike jina la mrukaji mahali pale pale anapoandika lake, tena kwa herufi zenye ukubwa ule ule. Picha ikiuzwa, sehemu ya fedha na irudi uwanjani ilikotoka.

Wako watakaosema kwamba sanaa itafungwa minyororo kwa masharti hayo. Ngoma ina masharti mengi zaidi, ya mpigo, ya zamu, ya adabu na ya tuzo, na hakuna aliyewahi kuona kwamba masharti hayo yamemzuia mchezaji kuruka.